Motokaa ya Mtu Aliyehamishwa Geita

Tinde si mji mkubwa, wala hauna jengo la kumsimamisha msafiri alitazame. Lakini hakuna mahali katika Mkoa wa Shinyanga panapoonyesha kwa uwazi zaidi jinsi vyombo vya moto vinavyotoka pwani kwenda bara, kwa maana hapo ndipo barabara itokayo Nzega inapogawanyika, mkono mmoja ukielekea Shinyanga mjini na Mwanza, na mkono wa pili ukishika njia ya Isaka, Kahama na mipaka ya Rwanda na Burundi. Mtu akikaa katika kibanda cha muuza chai pale njia panda, kabla kikombe chake hakijapoa ataona magari yasiyo na namba za nchi hii, yakiendeshwa na vijana wenye haraka, ambayo watu wa barabarani huyaita magari ya IT, yaliyoteremshwa melini Dar es Salaam na kupita nchini kwa dhamana ya forodha. Ataona malori yaliyofunikwa maturubai. Na juu ya mojawapo, baina ya vipande vya kitanda kilichofunguliwa na magunia ya vyombo vya jikoni, ataona gari dogo la mtu limefungwa minyororo, limetiwa kabari magurudumuni, nalo linahama kumfuata mwenyewe. Ni gari hilo dogo ninalotaka kulizungumza.

Nchi hii ya Usukuma na jirani zake imezoea kupokea wageni tangu ardhi yake ilipoanza kuchimbuliwa. Mwadui ilivuta watu mwaka 1940, alipogundua almasi pale mjiolojia John Williamson wa Kanada. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi toka miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na mahali pale pale ukafunguliwa mgodi mpya mwaka 2000. Bulyanhulu ikafuata mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Tena Serikali ilipoifanya Geita kuwa mkoa kamili mwaka 2012, walihitajika mahakimu, wauguzi, walimu, maafisa ardhi na makarani wa kila daraja, ambao wengi wao walitoka mbali, na baadhi yao walikuwa na motokaa. Uhamiaji huu una kupwa na kujaa: Buzwagi ilipokoma kuzalisha mwaka 2021, mafundi waliokuwa wamejenga maisha Kahama walifungasha mizigo kwenda migodi mingine, na yale magari yaliyoletwa kwa gharama yakatakiwa yaondolewe kwa gharama vilevile.

Mintarafu ya sheria, Mtanzania ahamaye mkoa kwa mkoa ana nafuu ambayo hajui kuishukuru. Katika Marekani, kila jimbo hutoa namba zake za magari na leseni zake za udereva, hata mtu ahamaye toka jimbo moja kwenda jingine hulazimika, katika muda uliowekwa, kuliandikisha gari lake upya na kulivua vibao vya zamani. Kwetu Bara, namba iliyotolewa na Mamlaka ya Mapato ni moja toka Mtwara hadi Chato, na kadi ya gari haiulizi mwenyewe analala wapi. Lakini atokaye Zanzibar na gari lenye herufi Z hukuta mlango wa forodha mbele yake, na taratibu zake asizipuuze. Basi atokaye Temeke kwenda Nyang'hwale hana shida na karatasi. Shida yake ni masafa, kwa kuwa toka Dar es Salaam hadi Shinyanga ni takriban kilomita elfu moja, na kufika Geita ni zaidi ya 1,100.

Masafa hayo yana historia, na historia hiyo ndiyo inayopanga bei hadi leo. Katika karne ya kumi na tisa, misafara ya Wanyamwezi na Wasukuma ilishuka Bagamoyo na pembe za ndovu, ikapanda tena na nguo, shanga na nyaya za shaba. Wapagazi walipatikana kwa wingi baada ya mavuno, lakini majira ya kulima yalipowadia wengi walirudi mashambani kwao, na tajiri aliyekuwa na haraka katika majira hayo alilipia haraka yake. Ujira haukutazama urefu wa njia peke yake. Ulitazama pia mzigo unakwenda upande gani, katika mwezi gani, na mchukuzi atarudi na nini. Magurudumu yamechukua nafasi ya mabega, ila kanuni haikubadilika hata chembe, na mtu ambaye hakuifahamu kanuni hiyo huenda kwa dalali akiwa na tarakimu za kilomita mkononi, akashangaa kuona hazimsaidii.

Na njia yenyewe haikuwa rahisi hivi ilivyo sasa. Walio na umri wa kutosha wanakumbuka kwamba, kabla lami haijaunganisha Dodoma, Manyoni, Singida na Nzega, mabasi ya Mwanza kwenda Dar es Salaam yalipitia Sirari, Nairobi na Namanga, hata raia akawa hana budi kupita nchi ya watu ili afike mji mkuu wa biashara wa nchi yake mwenyewe. Waliothubutu kupita katikati walikutana na mteremko wa Sekenke, kisha na mbuga ya Wembere, ambayo udongo wake mweusi ukilowa humshika dereva na lori lake hata mvua ziamue kumwachia. (Sekenke si geni katika habari za dhahabu: Wajerumani walichimba huko tangu mwaka 1909, na vita ilipowakata na ulimwengu, dhahabu yake ndiyo iliyofuliwa sarafu za rupia 15 zenye sura ya tembo, mwaka 1916, katika karakana ya reli karibu na Tabora. Madereva wapitao pale kwa gia ya pili aghalabu hawana habari hizo, na kwa mteremko ule sina haki ya kuwalaumu.)

Mwenye gari aliyepata barua ya uhamisho hufikiri kwanza kuliendesha mwenyewe, na hesabu yake huwa nyepesi. Gari lenye injini ndogo hula lita moja kwa kilomita kumi na nne au kumi na tano. Kwa hiyo lita sabini zitamfikisha Shinyanga, na bei ya lita ikizunguka shilingi 3,000, fedha isiyotimia laki mbili na nusu itatosha, ilhali mwenye lori ametaja kiasi cha kuogofya. Hesabu hiyo si ya uongo, ila haikutimia. Imesahau kwamba EWURA, mdhibiti wa bei za mafuta, itangazapo bei za kikomo kila mwezi, mafuta ya Kahama na Geita huwa ghali kuliko ya Dar es Salaam kwa sababu nayo yamesafiri. Imesahau malazi ya usiku mmoja Dodoma au Singida kwa familia nzima. Imesahau matairi ambayo mjini yangedumu mwaka mwingine. Na imesahau, zaidi ya yote, mwili wa dereva. Mtu aliyezoea kuendesha toka Mbagala hadi Posta, kwa mwendo wa kobe na redio ikimliwaza, ana ustadi wa foleni, lakini hana ustadi wa kukaa saa nne nyuma ya lori la mafuta akingoja nafasi ya kulipita, wala hajui kwamba akitoka Dodoma baada ya adhuhuri atakwenda na jua usoni hadi Manyoni na mbele yake, wala hakuzoea ng'ombe wa jioni ambao katika nyanda za Igunga na Nzega huvuka barabara kwa taadhima ya wenye nchi. Kila kijiji kina matuta yake na kibao chake cha mwendo wa 50, na penye kibao aghalabu pana trafiki na tochi yake kando ya mti. Faini mbili tatu za namna hiyo huibadilisha kabisa hesabu iliyofanywa mezani.

Sisemi kwamba watu wasiendeshe magari yao. Dereva mzoefu, mwenye gari lililokaguliwa, asiye na mtoto mchanga wala mizigo inayoziba kioo cha nyuma, ataifurahia safari hii, na atakapoona mawe makubwa ya Singida yakichomoza katika mwanga wa asubuhi ataona nauli yake imerudi. Ninachokanusha ni ile dhana ya kwamba kuendesha mwenyewe ndiko kubana matumizi, na kwamba anayelipakiza gari lake juu ya lori amekiri udhaifu. Nimesikia wanaume wakilisema jambo hili kana kwamba heshima ya nyumba ipo kwenye usukani. Wake zao, waliokaa kiti cha nyuma wakishika sufuria magotini toka Kibaha hadi Tinde, hawakuulizwa rai yao.

Njia ya pili ni kumkabidhi dereva wa kukodi. Wapo wengi, na baadhi yao ni wale vijana wa IT ambao barabara hii wanaijua kwa moyo, kwa maana huishi kwa kupeleka magari mpakani na kurudi kwa basi. Nao kazi hawaikosi, maana bandari ya Dar es Salaam huteremsha magari kwa maelfu, na meli ya Frontier Ace peke yake, ilipotia nanga mwezi wa Aprili mwaka 2021, ilikuwa na magari zaidi ya 3,700, mengi yakiwa ya nchi jirani. Ustadi wao haukataliki. Lakini desturi ya kazi yao ni kukimbilia zamu ya pili, na kiti kitupu katika gari la mwingine ni kishawishi: abiria huokotwa Morogoro, wengine Gairo, gari la mwalimu likageuka daladala ya kilomita elfu, na ajali ikitukia, bima iliyoandikwa kwa matumizi binafsi huanza kuulizwa maswali ambayo haina majibu yake. Mwenye gari asisahau pia kwamba bima ndogo, ambayo ndiyo wengi tunayoikata ili tupate stika, humlinda yule tuliyemgonga, haimlindi aliyeikata wala gari lake. Anayetaka kumpa mtu baki usukani kwa safari ya namna hii na awe na bima kubwa, aijulishe kampuni yake ya bima jina la dereva, aandikiane hati na dereva huyo mbele ya mtendaji wa mtaa, na amlipe nusu ya ujira akiondoka na nusu akifika.

Njia ya tatu ndiyo ya lori, na hapo ndipo ile kanuni ya wapagazi inapojidhihirisha. Malori yapandayo Shinyanga, Kahama na Geita hupanda yamejaa: saruji, mabati, vinywaji, vipuri vya mitambo, kemikali na chokaa vya migodini, mafuta. Yashukapo hutafuta mchele, pamba, dengu na choroko, na nje ya msimu wa mavuno aghalabu hushuka matupu au nusu tupu. Ajabu ya nchi ya dhahabu ni hii, kwamba ile mali yake kuu haina shehena: utajiri unaochimbwa Geita kwa mwezi mzima hauwezi kulijaza lori moja, nao huondoka kwa ndege. Makinikia ya Bulyanhulu na Buzwagi, yaani mchanga wenye madini, ndiyo yaliyokuwa mzigo wa kushuka bandarini, na yale makontena 277 yaliyozuiliwa mwaka 2017 ndiyo yaliyowafahamisha wengi miongoni mwetu kwamba kumbe mchanga nao husafiri. Basi mtu anayehama kutoka Geita kwenda pwani huwakuta wenye malori wanamtafuta yeye, na gari lake ni fadhila ya nauli ya kurudia. Lakini anayehama kutoka pwani kwenda Geita hushindana na saruji, na saruji hailalamiki wala haihitaji minyororo.

Kanuni hii haina taifa. Huko Marekani, ambako wazee wa majimbo ya kaskazini hukimbilia Florida baridi inapokaribia na kurejea kwao majira ya kuchipua, kulipeleka gari kusini wakati wa vuli ni ghali kuliko kulirudisha kaskazini katika majuma yale yale, na majira yakigeuka bei nazo hugeuka, ingawa barabara ni ile ile na maili ni zile zile. Nao wana madalali, tena hodari, ambao hupokea oda kwanza ndipo waanze kumtafuta mwenye lori, na hutaja bei ya chini ili wamfunge mteja kisha waipandishe akiwa amekwisha kufungasha. Msomaji aliyewahi kusimama katika maegesho ya malori ya Dar es Salaam akiwa amezungukwa na watu watano, kila mmoja akiapa kwamba lori lile la buluu ni lake, hatahitaji maelezo zaidi.

Kwa sababu hiyo swali la kwanza kwa dalali lisiwe la bei. Liwe hili: lori ni la nani, na dereva wake yupo wapi nizungumze naye? La pili: limebeba nini, na litapita wapi? Lori liendalo Rusumo, mpakani na Rwanda, litapita Kahama lakini halitaingia Geita mjini, na gari lililoteremshwa Kahama kwa mwenyewe aliyeko Katoro limebakisha safari ya pili isiyokuwamo katika mapatano. La tatu ni uzito. Tangu sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ianze kutumika nchini mwaka 2019, mizani za Vigwaza, Njuki na Mwendakulima hazina utani, na lori lililopandishwa gari la tani moja juu ya shehena iliyokwisha kutimia linaweza kuzuiwa hata mzigo upunguzwe. Na mzigo ulio rahisi kuteremshwa, kwa bahati mbaya, ni ule wenye magurudumu yake wenyewe.

Upakizi wenyewe hufanywa kwa njia za kienyeji zinazofaa sana zikisimamiwa. Lori hurudishwa nyuma hadi penye tuta la udongo lililo sawa na kimo cha bodi yake, mbao nene mbili zikalazwa, na gari likapandishwa taratibu na mtu anayeujua mguu wake. Minyororo ifungwe kwenye magurudumu au ndoano za chini, isifungwe kwenye bampa; hendibreki ivutwe, gia iachwe imeingia; tangi libaki na robo tu ya mafuta, na waya wa betri ufunguliwe. Kisha mwenyewe alipige picha gari lake pande zote nne, na ndani, na namba ya kilomita iliyo kwenye dashibodi, maana njiani vitu vidogo hupata miguu: sait mira, redio, jeki, tairi la akiba, na lile kontroboksi ambalo mtu halikumbuki hata siku gari likikataa kuwaka. Wapo wanaolijaza gari vyombo na magodoro kwa kuona nafasi tupu ni hasara. Nao hulipa kwa vioo, kwa kuwa wezi hawavunji gari tupu. Na kwa vile gari likiwa juu ya lori huhesabiwa mzigo, haifai kudhani kwamba bima yake ya barabarani inaendelea kulilinda huko juu. Mwenye lori na aulizwe bima ya mizigo, aionyeshe, na mapatano yaiandike.

Watumishi wa umma wana shida yao ya peke yao. Taratibu za utumishi zinatambua nauli, posho ya kujikimu na usafirishaji wa mizigo ya anayehamishwa kwa manufaa ya Serikali, lakini fedha hizo zina tabia ya kuchelewa kuliko barua, na lori halipakii kwa ahadi. Anayehama kwa ombi lake mwenyewe hujigharimia. Ndiyo maana wengi hufikia uamuzi wa kuliuza gari Dar es Salaam na kununua jingine waendako, na mimi siuoni kuwa uamuzi mbaya, hasa gari likiwa la chini chini. Kigari kilichozoea lami ya Sinza kikifika barabara za ndani za Mbogwe na Nyang'hwale wakati wa masika hujuta kuzaliwa. Si bure wenye michomoko, yaani magari madogo ya abiria, ya Kahama na Geita wakaipenda Probox, ambayo sura yake haisifiki, lakini spring zake hustahimili abiria, magunia na makorongo pamoja.

Kuhusu mwisho wa safari, mambo yamekuwa mepesi. Zamani aliyekwenda Geita kwa kupitia Mwanza alipanga foleni ya kivuko kati ya Kigongo na Busisi, na malori yalikaa pale muda mrefu. Daraja la takriban kilomita tatu, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, limeifuta foleni hiyo. Njia ya mkato toka Kahama kupitia Kakola kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi jekundu, na kazi ya kuitia lami ilipoanza, wenye magari madogo ndio waliofurahi zaidi ya wenye malori.

Lakini reli ndiyo inayonishangaza. Tawi la Tabora hadi Mwanza lilikamilika mwaka 1928, likapita Isaka na Shinyanga, na Isaka ikafanywa baadaye bandari kavu ya shehena za Rwanda. Sasa reli ya kisasa inajengwa toka Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwezi wa Juni mwaka 2021, na itakapoungana na kipande kilichokwisha kuanza kubeba abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma tangu mwaka 2024, njia nzima itakuwa ya kilomita 1,219. Wamarekani wana treni moja, iendayo usiku kucha toka Lorton, Virginia, hadi Sanford, Florida, masafa ya kama kilomita 1,375, ambayo abiria hulala katika mabehewa ya mbele na motokaa zao zikafuata katika mabehewa ya nyuma, na asubuhi kila mtu hukabidhiwa ufunguo wake. Kwetu kitu cha namna hiyo hakihitaji muujiza wala mkopo mpya. Kinahitaji, katika vituo vya Shinyanga na Isaka, mteremko wa zege wa kupandishia magari, behewa lenye ndoano imara za minyororo, na nauli iliyobandikwa ukutani, ambayo hakuna dalali awezaye kuibadilisha kwa kumtazama mteja viatu.